Balbu Moja Tu

Kabla ya kunawa uso, Madalo aligeuza mayai. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake ya kwanza kila asubuhi, na hakuna aliyehitaji kumkumbusha. Alifungua mlango mdogo wa sanduku la mbao lililokaa kwenye kona ya chumba cha mama yake, akaingiza mkono, akageuza yai moja moja. Kila yai lilikuwa na alama za penseli, upande mmoja msalaba, upande wa pili duara. Jana jioni misalaba ilitazama juu. Asubuhi hii ilikuwa zamu ya maduara. Kuku mwenyewe hugeuza mayai yake kwa mdomo bila penseli, lakini kuku hana shule ya kuwahi.

Juu ya mayai ziliwaka balbu nne. Ndizo zilizokuwa kuku.

"Mama," Madalo aliita, "yamepoa tena."

Mama yake, Elube, alikuwa mlangoni akipepeta mahindi. "Umeme ulikatika jana saa ya taarifa ya habari, ukarudi tumeshalala. Maskini Bwana Makwinja. Nimemsikia akipita na tochi kwenda mtamboni, anaongea peke yake."

"Alikuwa anasema nini?"

"Maneno ambayo hayamo kwenye vitabu vyenu."

Madalo hakucheka. Aliweka kiganja juu ya yai moja, akalihisi lina uvuguvugu kidogo tu, kama chai iliyosahaulika. Mayai yaliyopita yalikuwa yamejaa sanduku zima, wakatoka vifaranga wachache wa kuhesabika kwa vidole. Mengine yote yalizikwa nyuma ya nyumba, na harufu yake ilikaa kwa majirani zaidi ya mgeni asiyejua kuaga.

"Haya yakiharibika pia, nauza sanduku," alisema mama bila kuacha kupepeta. "Yule mtu wa Muloza ameshaniuliza mara mbili."

Aliyasema polepole, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa. Lakini Madalo aliacha mkono ndani ya sanduku. Kimbunga kilipopita Nachiwe, kijiji chetu, hakuna jogoo aliyebaki wa kuwika. Watu walikuwa wakiamka kwa kubahatisha. Jogoo wa kwanza kuwika tena kijijini alitoka ndani ya sanduku hilo, na Madalo ndiye aliyemvunjia ganda aliposhindwa kutoka mwenyewe.

Umeme wetu wa Nachiwe hautoki mbali. Mto Nasato unashuka kutoka mlima Mulanje kwa haraka, kama mtu anayekimbia deni. Sehemu ya maji yake inaingia kwenye bomba, bomba linazungusha mtambo, na mtambo unatupatia umeme. Mtambo wa kwanza ulichukuliwa na kimbunga, pamoja na nyumba yake na mlango wake. Ukitaka kuuona, labda uulize Msumbiji, mto unakoishia.

Ndipo wakaja wataalamu kutujengea mwingine. Walipita nyumba kwa nyumba na karatasi wakiuliza, "Una kitu gani cha kutumia umeme?" Kijiji kizima kilijibu kama kwaya iliyofanya mazoezi: balbu moja tu. Wakatujengea mtambo wa balbu moja moja. Mwaka haukuisha, vitu vikaanza kujitokeza. Mama Falesi akawasha friji la kuuzia togwa baridi. Jofilisi kinyozi akaleta mashine ya kunyolea. Fundi wa mageti akaunganisha mashine ya kuchomea vyuma. Watoto wa shule walitaka sare zilizopigwa pasi, na pasi zote za Nachiwe, sijui nani aliziitia mkutano, zikawa zinawaka saa ile ile ya taarifa ya habari. Mtambo unahema, unazima. Makwinja, mwangalizi wake, anavaa viatu na kupanda mlima.

Siku ile Madalo aliporudi kutoka shuleni, alimkuta Mjomba Fulakisoni amekaa ndani, anakula nsima, ugali wetu, na mbaazi. Mjomba alikuwa kaka mkubwa wa mama yake. Aliishi kijiji cha pili, kwa mkewe, kama wanaume wa kwetu wanavyofanya wakioa. Lakini jambo lolote zito kwa dada zake, yeye ndiye aliyeitwa. Baba yake Madalo, Laimoni, alikaa pembeni kidogo. Amekaa Nachiwe miaka mingi, ila mkwe ni mkwe. Mkwe mwenye adabu hasemi sana mbele ya shemeji yake, na hahesabii wageni mali ya ukweni.

"Kesho wale wa mtambo wanakuja tena," alisema Mjomba. "Injinia na yule mama wa maswali. Wanataka kujua kama tuongezewe mtambo au la. Majibu yetu yanajulikana."

"Balbu moja tu," alisema Laimoni, macho kwenye sahani.

"Na simu. Simu tukiikana watatucheka, maana italia mfukoni."

"Mjomba," alisema Madalo, "na sanduku je?"

"Sanduku gani?"

"La mayai. Hilo hapo."

Mjomba alitazama kwenye kona, akatafuna, akameza. "Mimi sioni sanduku. Na kesho hata wewe hutaliona. Litakuwa ndani ya kihenge, limefunikwa blanketi."

"Ndani ya kihenge hakuna umeme."

"Ndiyo maana hawatalitafuta huko."

"Yatapoa, Mjomba. Na mama alisema haya yakiharibika..."

"Madalo," alisema mama kwa sauti ya chini.

Mjomba alinawa mikono taratibu. Hakuwa mtu mbaya, na hakuwa amekasirika bado. "Nikusimulie kitu. Mwaka wa kimbunga walikuja watu na karatasi. Mama yako mkubwa, Dorofe, akaulizwa kama ana mifugo. Akasema kweli: mbuzi wawili. Wakamwondoa kwenye orodha ya unga wa msaada. Wiki haikuisha mbuzi wote wakafa. Dorofe na watoto wake walikula nini? Walikula maembe mabichi wakaugua matumbo. Waliosema hawana kitu walikula nsima. Hiyo ndiyo shule niliyosoma mimi, na sikufeli."

Madalo aliwakumbuka watoto wa mama mkubwa na matumbo yao.

"Wale walikuwa watu wa unga," alisema mwishowe. "Hawa ni watu wa umeme."

"Karatasi ni ile ile."

"Basi mimi nikiulizwa nitasema kweli."

Laimoni aliacha kutafuna. Mjomba alimtazama mpwa wake kama mtu anayetazama kifaranga kinachotaka kumdonoa.

"Sema. Na njaa ikija, huo ukweli wako utaula na chumvi."

"Nitaula," alisema Madalo.

Mama alimtuma akaoshe vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Kesho yake, Jumamosi, Nachiwe ilifukarika ghafla. Friji la Mama Falesi lililazwa kwenye migomba, likafunikwa majani makavu kama mgonjwa mwenye baridi. Kinyozi alificha mashine ndani ya kofia yake, akapanga mezani mkasi wenye kutu. Fundi wa mageti alitandika mkeka juu ya mashine yake akaikalia, na kwa kuwa alikuwa ametoka kuitumia, kila mara aliinuka kidogo, akakaa tena. Watu walivaa nguo ambazo walikuwa wameshazigawa kuwa madekio.

Madalo na mama yake walibeba sanduku hadi kwenye kihenge, ambacho hakikuwa na mahindi ya kutosha kukijaza. Walilifunika kwa blanketi mbili, na juu yake Madalo akatandaza sweta lake la shule. Mayai yalikuwa yamefika ile siku ambayo ukimulika yai kwa tochi unaona kitu cheusi ndani kinajisogeza, kama mtu anayetafuta ubavu mzuri wa kulalia.

"Watakaa sana?"

"Watu wa mjini wana haraka," alisema mama, lakini alikuwa anatazama njia.

Watu wa mjini hawakuwa na haraka. Kwanza gari lao lilikwama mtoni. Kisha Injinia Zikhale, mwanamume mfupi mwenye mabuti ya mpira, alitaka kupima kina cha maji. Mwenzake alikuwa Bi Lusungu, mrefu, mcheshi, mzaliwa wa Rumphi kule kaskazini. Kazi yake ilikuwa kuchunguza jinsi watu wanavyoishi na umeme. Walikuwa wakitaniana njia nzima.

"Maswali yako yatatuchelewesha," alisema Injinia. "Mto haudanganyi. Mimi nikipima maji nimemaliza."

"Na maji ndiyo yatakayolipia umeme?" alijibu Bi Lusungu. "Endelea na samaki wako, niachie watu wangu."

Walipofika kwa kina Madalo, jua lilikuwa limeshavuka utosi. Bi Lusungu alisalimia kwa kupiga goti vizuri, akauliza mwenye nyumba ni nani. Laimoni alimtazama mkewe. Kwetu nyumba ni ya mke. Lakini kwao Bi Lusungu, kule kaskazini, nyumba ni ya baba, na mgeni mwenye heshima humuuliza baba. Basi akamgeukia Laimoni.

"Baba, mnatumia nini cha umeme hapa?"

"Balbu moja tu," alisema Laimoni. "Nayo ina kikohozi."

"Na huo waya unaoingia chumbani?"

"Wa kuanikia nguo."

Bi Lusungu aliandika. Madalo alifungua mdomo, akauhisi mkono wa mama begani, si mzito, lakini upo. Na kusema kweli, hakuna aliyekuwa amemuuliza yeye. Wageni walipoondoka alikimbilia kihenge, akaingiza mkono chini ya blanketi. Yalikuwa bado na joto, ila si lile la asubuhi.

"Turudishe sasa, mama."

"Bado wanazunguka. Watapita tena hapa wakienda kwa Chifu na wakirudi."

Kwa Chifu nako wakapikiwa. Huwezi kumwacha mgeni wa mbali aondoke na njaa, na kuku wa Chifu alikuwa mgumu, akachukua muda wake chunguni. Hapo ndipo kijiji kizima kilipokusanyika uani, kila mtu na matambara yake. Chifu Namalima, mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba, alikaa katikati. Madalo alikaa chini na wenzake, anahesabu, si siku wala saa, bali mayai, yai moja moja, akiyawazia gizani.

Hatimaye Injinia Zikhale alisimama.

"Tumejumlisha," alisema. "Kwa maneno yenu wenyewe, mtambo mlio nao unawatosha na kubaki. Mkubwa hamuuhitaji. Utapelekwa kwenye kijiji kingine chenye shida zaidi."

Watu wakatazama miguu yao. Hawakuwa wamelifikiria hilo. Walikuwa wamejiandaa kuonewa huruma, wakakuta wanapongezwa.

"Jambo la pili," aliendelea Injinia. "Kama matumizi ni madogo hivi na umeme unazima kila jioni, basi kasoro haiko kwenye mtambo. Iko kwa anayeuangalia. Bwana Makwinja, tafadhali mkabidhi Chifu funguo. Tutatafuta mtu mwingine."

Makwinja aliinuka. Suruali yake ilikuwa bado na tope la jana usiku. Alimtazama Mama Falesi wa friji. Akamtazama kinyozi na kofia yake. Akamtazama fundi wa mageti. Angeweza kututaja wote, mmoja mmoja, maana kila jioni ni sisi tuliokuwa tukimpandisha ule mlima. Hakututaja. Alifungua kamba shingoni, akaweka funguo mezani mbele ya Chifu, akarudi kukaa.

Injinia alianza kukunja karatasi zake.

"Bwana Makwinja hana kosa."

Vichwa viligeuka. Madalo alikuwa amesimama.

"Kaa chini, mtoto," alisema Mjomba Fulakisoni kutoka upande wa wanaume.

"Samahani, Mjomba. Sikai."

"Nimesema kaa."

"Nitakaa nikimaliza." Alimgeukia Injinia. "Nyumbani kwetu balbu si moja. Ziko tano. Moja ya kuonea, nne za kutotoleshea mayai. Sanduku liko ndani ya kihenge tangu asubuhi, halina umeme, na tunavyokaa hapa mayai yanapoa."

"Huyu mtoto anatuuza," alisema mtu nyuma.

"Simuuzi mtu. Nyumba ya mtu sijaitaja. Nimesema ya kwetu."

"Nani amemfundisha kujibu wakubwa?" aliuliza mwanamke mmoja.

"Mimi," alisema Elube.

Alikuwa ameshainuka, anajifunga kitenge chake upya kiunoni, kama mtu anayejiandaa kubeba mzigo. "Nyumba ni yangu, sanduku ni langu, na mtoto ni wangu. Alichosema ni kweli. Kama kuna unga wa kukatwa, nikatwe mimi. Kama kuna funguo za kunyang'anywa, si za Makwinja. Madalo, kimbia ukawashe."

Madalo alikimbia. Baba yake, yule mkwe mwenye adabu, alimfuata bila kuaga mtu, akamsaidia kubeba sanduku, akachomeka waya wa kuanikia nguo mahali pake. Balbu nne ziliwaka. Baba na mtoto wakachutama mbele ya mlango mdogo, wanaota moto wa mayai.

Kwa hiyo yaliyofuata kwa Chifu, Madalo aliyasikia baadaye, na kila aliyemsimulia alijiweka mbele. Wanachokubaliana wote ni kwamba kinyozi alivua kofia ili aombe kuongea, mashine yake ikaanguka mbele ya mabuti ya Injinia. Mama Falesi naye akasema friji lake likiendelea kulala kwenye migomba litazaa ndizi, bora alitoe. Fundi wa mageti alishukuru tu kwamba sasa hatalazimika kuikalia tena mashine yake.

Bi Lusungu alifunga karatasi zake. "Kwa nini mlinificha?" aliuliza. Hakukaripia. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

Wote walimtazama Mjomba Fulakisoni. Mjomba alisimama, akasimulia habari ya Dorofe na mbuzi wawili, mbele ya watu, mpaka kwenye maembe mabichi. Alipomaliza alibaki amesimama kidevu juu, kana kwamba anamwambia Bi Lusungu, haya, andika na hilo.

Bi Lusungu hakuandika. "Sisi hatukuwa watu wa unga," alisema. "Lakini tulikuja na karatasi zinazofanana na zao, na swali linalofanana na lao. Ningekuwa mimi ningeficha pia. Halafu nimeuliza wanaume nyumba zote, kama tunavyofanya kwetu Rumphi, na hapa wanaume ni wakwe. Mkwe atafunguaje sanduku la ukweni mbele ya mgeni? Kosa hilo ni langu. La balbu moja tu ni lenu. Tugawane, kila mtu abebe la kwake."

"Langu mimi ni kubwa kuliko yote," alisema Injinia. Alichukua funguo mezani, akamrudishia Makwinja kwa mikono miwili. Makwinja alizipokea, akasema jioni ya leo kama kuna mwenye pasi, tafadhali asiiwashe, yeye ana umri na magoti yake.

Wageni hawakurudi mjini siku hiyo. Walikaa karibu wiki nzima. Safari hii Bi Lusungu hakubeba karatasi. Aliingia jikoni kwa akina mama, akamenya mihogo nao, na hakuuliza tena "Una nini?" Aliuliza, "Asubuhi unaanza na kazi gani? Mchana? Giza likiingia je?" Injinia alikaa mlangoni na mabuti yake, akisikiliza, na mara kwa mara alikuna kichwa.

"Kwa hiyo pasi zinawaka jioni kwa sababu ya sare?" aliuliza.

"Unataka tuzipige saa ngapi, baba?" alijibu Mama Falesi. "Mchana mtoto ameivaa."

"Jumapili je? Sare za wiki nzima?"

Akina mama walitazamana. Hakuna aliyewahi kufikiria hilo; pasi zikahamia Jumapili. Na fundi wa mageti alikuwa akichomea jioni kwa sababu tu kuna ubaridi. Akajengewa kibanda cha nyasi, akahamia mchana, wakati mtambo unazunguka bure bila kazi.

"Nguzo na nyaya nazijua," Injinia alimwambia Bi Lusungu. "Lakini haya ya pasi na sare hayakuwamo kwenye vitabu vyangu."

"Yalikuwamo kwenye maswali yangu yanayokuchelewesha," alisema Bi Lusungu.

Mtambo mkubwa ulikuja, na haukulazimika kuwa mkubwa kama Injinia alivyoogopa, kwa sababu kazi ziligawiwa saa. Kisha Injinia akatandaza njia mbili za umeme badala ya moja. Njia ya kwanza ilikwenda kwenye zahanati, kwenye pampu ya maji na kwenye mayai. Nyaya zake zilipita juu ya ardhi ngumu, mbali na miti. Njia ya pili ilikuwa ya nyumba zote na pasi zao. Njia ya pili ikielemewa, inazima peke yake bila kuivuta ya kwanza. Na kwa kuwa wanaume wengi husafiri msimu wa kuchuma chai, Chifu Namalima alisema funguo za pili wakae nazo wenye nyumba, yaani akina mama. Makwinja alipewa wawili wa kuwafundisha, mmoja wao Elube.

Na mayai? Hayakutoka yote. Siku ile ndani ya kihenge ilidai chake. Lakini zaidi ya nusu yalipasuka, na chumba cha Elube kikajaa kelele kama darasa lisilo na mwalimu. Mtu wa Muloza alipouliza mara ya tatu, aliuziwa vifaranga, si sanduku.

Mjomba Fulakisoni hakumsemesha Madalo muda mrefu. Akija, alisalimia watu wote, akimfikia yeye anageukia wengine kuuliza habari za mbuzi wa jirani. Madalo alimsalimia kila mara kwa goti, sauti juu, hata kama jibu halikuja. Mama alipomshauri akaombe msamaha, alisema, "Nitaomba kwa kutokukaa nilipoambiwa kaa. Kwa niliyosema, siombi." Akaenda akaomba hivyo hivyo. Mjomba aliguna.

Kisha zikaja mvua za masika. Zilinyesha siku kadhaa mfululizo, Nasato ukavimba, na jioni moja mti uliangukia nyaya za njia ya pili. Nyumba zote za Nachiwe zikaingia giza. Mjomba alivuka mto kwa daraja la juu, mwavuli umegeuka ndani nje, kuja kuona kama dada zake wako salama. Alipokaribia aliona taa kwenye zahanati. Alipokaribia zaidi aliona mwanga ukitoka dirishani kwa Elube, na akasikia kelele za vifaranga.

Aliingia ameloa. Elube alimpa taulo, akampakulia nsima na mayai ya kukaanga, maana siku hizi nyumba hiyo haikukosa mayai. Mjomba alikula mpaka akamaliza, akanawa mikono, akamgeukia mpwa wake.

"Nilikuambia utaula ukweli wako na chumvi."

"Ndiyo, Mjomba."

"Sikujua kwamba huwa unaliwa na mayai."

Laimoni alicheka, akakumbuka yeye ni mkwe, akajifanya anakohoa.

"Kaa hapa," alisema Mjomba, na safari hii Madalo alikaa. "Mimi njaa ilinifundisha kusema sina. Iliniokoa siku moja, nikadhani itaniokoa kila siku. Lakini fundi wa kitanda akikuuliza uzito wako, ukamwambia wewe ni mwepesi kama unyoya, hujamdanganya yeye. Kitanda kitavunjika, na aliye juu yake ni wewe. Wewe ulisema uzito wetu mbele za watu, na sisi wakubwa tulikuwa tumenyamaza. Uliniaibisha siku ile. Leo nimevuka mto nikaona taa."

Akasikiliza zile kelele kwenye kona.

"Nataka kumpelekea Dorofe vifaranga, badala ya wale mbuzi. Unao wangapi humo?"

Madalo alimtazama mama yake. Mama alitazama pembeni, anatabasamu. Madalo alikwenda kwenye kona, akafungua mlango mdogo wa sanduku mpaka mwisho, mwanga wa balbu nne ukamwagika chumbani.

"Hesabu mwenyewe, Mjomba," alisema. "Hatujaficha hata mmoja."